Nani Aitwe Mwoga?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa kampeni na waumini wa makanisa jirani

Wazee wetu, mama zetu, wachungaji, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti,

Tumepewa nusu saa, na jambo tulilopewa kulizungumzia ni neno moja. Neno hilo ni "mwoga". Katika mikutano mitatu iliyopita limetamkwa mara nyingi kuliko neno "katiba", na sasa limeletwa pendekezo kwamba jarida hili lichapishe, chini ya kichwa cha "Waoga Wetu", majina ya wanachama waliokataa kutia sahihi waraka wa kudai uchunguzi wa vifo vya Juni 2024. Majina hayo ni 18. Miongoni mwao wamo mwalimu wa shule ya msingi, akina mama wawili wenye vibanda sokoni, na mzee mmoja wa kanisa ambaye wengi wenu mlisimamiwa naye siku ya ndoa zenu. Kabla ya kura kupigwa tumeombwa tuseme tunavyoona. Tunaona kwamba orodha hiyo isichapishwe. Tunaomba mtusikilize hasa ninyi mlioileta, kwa maana hasira yenu tunaielewa, na baadhi yenu mlibeba majeneza ya vijana mwaka ule.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kinacho kitenzi "kuogopa", na kinalo jina "mwoga". Kitenzi kina wakati: mtu aliogopa jana, anaogopa leo, na kesho huenda asiogope. Jina halina wakati. Ukishamwita mtu mwoga umemtoa katika tendo la siku moja, ukamtia katika kundi moja na mwizi, mlevi na mwongo, na kutoka humo ni kazi kubwa. Majirani husahau alichoogopa na siku aliyoogopa. Jina hubaki, na watoto wake hulirithi shuleni.

Wahenga nao walilijua neno hili pande zake zote. Walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tunafahamu kwamba mwanamageuzi hapendi kusikia methali hizi jukwaani; huziita methali za watumwa. Sisi tunadhani ni methali za watu waliozika wengi, na anayezitamka mara nyingi ni mama aliyeshika komeo la mlango huku mwanawe amekwisha vaa viatu. Hata hivyo wahenga hao hao walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lugha yetu haikutoa hukumu moja juu ya hofu. Imeziacha hukumu mbili zibishane, na yafaa nasi tusiwe wepesi kuliko lugha tuliyoachiwa.

Sasa tuje kwenye historia, na hapa tutakawia, kwa kuwa vijana wengi mliomo humu hamkuwa mmezaliwa.

Hofu ya Kenya ilitengenezwa, tena kwa sheria na kwa taratibu zilizoandikwa. Mnamo Juni 1982 Bunge liliingiza katika katiba kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1986 chama cha KANU kikaamua kwamba wateuliwa wake wachaguliwe kwa mlolongo, yaani wapiga kura wapange mstari nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya wakala wake aliyeshika picha, wahesabiwe mchana kweupe. Viongozi wa makanisa waliokuwa katika Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walipinga hadharani mwaka ule ule. Hawakusikilizwa. Mwaka 1988 mlolongo ukatumika nchi nzima, na pamoja nao kanuni kwamba aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mlolongo amekwisha kuwa mbunge, hana haja ya kwenda kwenye kura ya siri.

Tumfikirie mtu aliyesimama katika mstari ule. Mbele yake yuko chifu, ambaye ndiye humwandikia barua anapotafutia mwanawe kitambulisho. Kando yuko mkuu wa tarafa. Nyuma wako vijana wa chama, wale wale waliokuwa wakimsimamisha kwenye kituo cha basi na sokoni wakimdai kadi ya KANU. Katika mstari wa pili yuko mwenye nyumba anayopanga, na katika mstari wa tatu yuko mwenye duka anayemkopesha unga. Kila mmoja wao anamwona, anaona amesimama nyuma ya nani, naye anawaona wakimwona. Isitoshe, baada ya yote hayo, mahali pengi mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu! Aliyejitia moyo akasimama alipotaka alirudi nyumbani akiwa ameshindwa, na amejulikana pia.

Mtu huyo akihamia mstari wa mwenye nguvu, mwaka 1988, ni mwoga? Wako waliosema hivyo wakati ule, na wengine wanasema hivyo hadi leo. Sisi tunasema kwamba mlolongo ulibuniwa kwa ajili yake. Waliouanzisha walijua vyema kwamba wananchi wengi ni watu wa kawaida wenye watoto na madeni, ambao wakifichwa na kitambaa cha sanduku la kura watasema kweli, na wakisimamishwa juani watanyamaza. Kura ya siri ilikuwa stara ya mnyonge, mlolongo ulimvua.

Jarida la NCCK lililoitwa Beyond lilieleza wizi wa uchaguzi ule. Lilipigwa marufuku mwezi Machi 1988, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo ya jarida. Tunalitaja hili kwa makusudi mbele ya watu wa jarida. Aidha, tangu 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, katika vyumba vya chini vya Nyayo House watu walifungiwa gizani, sakafu ikamwagiwa maji, kisha wengi wakafikishwa mahakamani saa za jioni bila wakili, wakakiri na kufungwa. Vyumba hivyo wananchi walifunguliwa kuviona Februari 2003. Aliyepata kuingia humo hata kwa dakika kumi, kama mtalii tu, hatoki akiwa na haraka ya kumwita mtu mwoga.

Sasa angalieni kilichotokea. Desemba 1990 mkutano wa wajumbe wa KANU uliuacha mlolongo na kanuni yake ya asilimia 70. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa. Tarehe 29 Desemba 1992 wananchi wakapiga kura ya siri, na karibu theluthi mbili ya kura za urais zilikwenda kwa wapinzani. Wapiga kura wale walikuwa nani? Kwa sehemu kubwa ni wale wale wa mistari ya 1988. Hawakuwa wamehudhuria shule ya ushujaa katikati ya miaka hiyo minne. Walirudishiwa stara yao, wakasema waliyokuwa nayo moyoni siku zote.

Na uchaguzi ule ulishindwa na nani? Hapa tutasema jambo ambalo baadhi ya wazee wa kampeni hawatalifurahia. Haukushindwa na waoga. Ulishindwa na mashujaa. FORD ilipasuka mwaka 1992 ikawa FORD-Kenya na FORD-Asili, na Daniel arap Moi akarudi Ikulu kwa takribani asilimia 36 ya kura. Viongozi waliogawanyika walikuwa watu waliovumilia kizuizini, watu waliotazama bunduki bila kupepesa. Polisi hawakuwatisha, kilichowatisha ni kuwa wa pili. Hofu hiyo, ya kukosa kiti, imeigharimu nchi hii zaidi ya hofu ya mama mwenye kibanda, wala hakuna jarida lililowahi kuiandikia kichwa cha habari "Waoga Wetu". Ilichukua miaka kumi, hadi Desemba 2002, wapinzani walipomsimamisha mgombea mmoja chini ya NARC, ndipo KANU ikaondoka madarakani.

Mtatuuliza: je, neno hili lisitumike kabisa? La hasha. Limewahi kutumika katika nchi hii kwa haki, na mfano uko wazi.

Mwezi Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, na tarehe 16 umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi, Nairobi, kudai aachiliwe. Wazee waliotumwa kwenda kuonana na wakubwa walirudi wakiwasihi watu watawanyike. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru akajitokeza, akainua nguo yake juu, akawaambia wanaume wachukue nguo yake wampe suruali zao, kwa kuwa wao ni waoga na kiongozi wao yumo mle ndani. Kwa Wakikuyu tendo lile ni laana, na wote waliokuwapo walilielewa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukarudi mbele, askari wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Hesabu ya serikali ilitaja waliokufa kuwa 21, na waliokuwapo walisema ni wengi zaidi ya hao.

Mwangalieni Muthoni alivyolitumia neno. Alilitamka uso kwa uso, mbele ya watu waliokuwa wamesimama pale pale alipokuwa amesimama yeye. Alilitamka kwa ajili ya saa ile na lango lile. Na alipolitamka alikuwa ametangulia. Hakuna risasi ambayo ingewafikia wanaume wale bila kumpitia yeye kwanza. Hakuandika orodha akaibandika ukutani. Sisi leo, tukichapa majina 18 katika chumba chenye mlango wa kufunga, kwa karatasi itakayowafikia wahusika siku ya Jumapili mbele ya watoto wao, tunalitumia neno lile lile bila hata moja kati ya mambo hayo matatu.

Miaka 70 baadaye, mwisho wa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park na kukataa kula hadi watoto wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa rungu na moshi wa kutoa machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari, kama Muthoni. Wangari alipigwa akapelekwa hospitalini. Akina mama wakahamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa humo muda wa mwaka mzima, na kufikia mwanzo wa 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai walikuwa wameachiliwa.

Mengi yamesemwa juu ya ujasiri wa mama zetu hao, na yote ni kweli. Kuna jambo dogo la mgomo ule ambalo halisemwi sana, nalo ndilo tunalolitaka hapa. Watu waliokuja pale bustanini kuwatazama walianza, mmoja baada ya mwingine, kusimama na kusimulia mateso waliyoyapata mikononi mwa serikali, mambo ambayo walikuwa wameyaficha kwa miaka. Hao walikuwa wamenyamaza. Kwa kipimo cha pendekezo lililo mbele yetu, hao walikuwa waoga. Hakuna aliyewaita hivyo. Walikuta mahali ambapo wengine wameketi, wakaketi nao, na ulimi ukafunguka.

Sasa neno kwa waumini, kwa kuwa tumesikia Maandiko yakinukuliwa kuunga mkono orodha hii. Ndugu mmoja alitukumbusha kwamba Ufunuo, sura ya 21, unapohesabu watakaotupwa katika ziwa la moto, unawataja waoga mbele ya wote, hata kabla ya wauaji. Ni kweli, hatuwezi kulifuta. Lakini tusome pia anayehukumu pale ni nani. Ni yeye aketiye katika kiti cha enzi, wala si kamati ya uhariri. Neno hilo hilo la waoga, katika tafsiri yetu ya Kiswahili, limo katika Mathayo sura ya 8, Bwana Yesu akiwaambia wanafunzi wake ndani ya chombo wakati wa dhoruba. Aliwaita waoga machoni pao, kisha akasimama akaikemea bahari. Hakumtupa hata mmoja majini, na wengi wa hao hao baadaye walikufa kwa ajili ya jina lake.

Na Gideoni je? Wachungaji humhubiri sana siku za maandamano. Watu 32,000 walimfuata, akaambiwa atangaze kwamba kila aogopaye arudi nyumbani, wakarudi 22,000. Wahubiri wetu huishia hapo, kisha wanawasema vibaya wale 22,000. Maandiko hayakuwasema vibaya. Sheria ya vita katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, ilimruhusu mwenye hofu kurudi kwake, asije akaiyeyusha mioyo ya ndugu zake, na haikumwekea adhabu. Tena adui alipokimbia usiku ule, watu wa Naftali na Asheri na Manase waliitwa wakusanyike kuwafukuza, na makabila ya Asheri na Naftali yalikuwa miongoni mwa yale yaliyoitwa tangu mwanzo. Bila shaka walikuwamo waliorudi nyumbani. Kama Gideoni angechapisha majina yao, wangeitika mwito wa pili? Naye Gideoni mwenyewe alianza kazi kwa kupura ngano ndani ya shinikizo ili asionekane, na madhabahu ya Baali aliivunja usiku kwa kuwaogopa watu wa mji. Kadhalika Nikodemo alikuja usiku, na huyo huyo ndiye aliyeleta manemane mazishini, wakati wale waliokuwa wameapa kufa na Bwana hawakuonekana.

Hofu nyingine ina ushahidi wake. Agosti 1990 Askofu Alexander Muge alionywa hadharani na waziri wa serikali, Peter Okondo, kwamba akithubutu kwenda Busia hatatoka salama. Alikwenda. Alikufa barabarani akirudi, tarehe 14 mwezi huo, gari lake lilipogongana na lori. Mchungaji wa kijijini aliyepunguza sauti baada ya mazishi yale hakuwa akiota ndoto.

Tunakiri kwamba wako watu wanaostahili kuulizwa swali hili kwa ukali. Wabunge waliokipitisha kifungu cha 2A mwaka 1982 walikuwa na kinga ya kusema Bungeni, wakakiacha kipite bila upinzani. Mwaka 1988 Bunge likaondoa ulinzi wa kazi za majaji, na hapo pia walikuwapo wenye mishahara, magari na kinga. Mtu aliyelipwa na umma ili asiogope, akala kiapo, akapewa ulinzi, kisha akaogopa, huyo aulizwe kwa jina, hata ukurasa wa kwanza. Kadiri mtu anavyokuwa na ngao ndivyo hofu yake inavyotuhusu sisi wengine. Mwalimu wetu hana ngao yoyote. Ana barua ya uhamisho inayoweza kuandikwa kesho.

Na sasa tuutazame waraka wenyewe. Tunamwomba kila mmoja aufungue. Chini ya nafasi ya sahihi kuna nafasi ya nambari ya kitambulisho, ya nambari ya simu, na ya mtaa. Vijana walitoka Juni 2024 wakisema hawana woga, hawana kabila, hawana kiongozi; Bunge likaingiliwa tarehe 25, na kesho yake Rais akaukataa Mswada wa Fedha. Wiki ile ile Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa ikihesabu maiti; tarehe 1 Julai ilitaja vifo 39. Miezi iliyofuata watu walichukuliwa majumbani na barabarani na watu wasiovaa sare. Yeyote anayesoma magazeti anajua kwa nini mtu hasiti kuandika jina lake lakini anasita kuandika simu yake na mtaa wake. Tumewapanga watu wetu mstari juani, na tumeuita waraka. Huo ni mlolongo, ndugu zetu, hata kama nyuma yake hakuna chifu!

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo yetu badala ya lile. Katiba ya 2010, ibara ya 37, inatupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka. Haisemi popote kwamba kila raia alipie haki hiyo kwa nambari yake ya simu. Waraka upelekwe kwa jina la kampeni na kwa majina ya makanisa yatakayokubali, ukitiwa sahihi na wenyeviti na wachungaji, yaani watu ambao tayari wanajulikana na ambao wakikosekana Jumapili watu 300 watauliza wako wapi. Wanaotaka kuongeza majina yao waongeze kwa hiari. Majina ya mawakili waliokubali kupigiwa simu usiku yabandikwe katika kila kanisa, kabla ya kumwomba mtu mwingine sahihi yoyote. Mfuko wa chakula kwa jamaa za waliokamatwa una fedha kidogo mno. Tuuchangie leo, kwa maana mtu huwa jasiri zaidi akijua watoto wake watakula.

Wale 18 nao wapewe kazi. Mmoja wa akina mama wa sokoni ametuambia yuko tayari kupika siku ya ibada ya kuwakumbuka waliokufa. Mwalimu yuko tayari kuandika kumbukumbu za mikutano, mradi jina lake lisiwekwe chini. Mzee wa kanisa anajua familia nne za marehemu ambazo sisi hatujapata kuzitembelea hata mara moja, na amekuwa akizitembelea peke yake tangu Julai 2024. Hatukulijua hilo hadi tulipokwenda kumuuliza kwa nini hakutia sahihi.

Kura ipigwe sasa, na tunaomba ipigwe kwa karatasi zilizokunjwa. Mwenyekiti, sanduku liko pale kando ya mimbari.